Mifupa Iliyokwanguliwa

Kwetu Ufipa, mwezi wa saba upepo unapovuma kutoka milima ya Mbizi, watu hujikunyata na kusema baridi imewaingia mpaka kwenye mifupa. Huwa nawaacha waseme. Baridi haifiki huko, wala maumivu hayafiki. Mfupa wenyewe hauna habari. Kinachouma ni utando unaouvaa, kitu chembamba cheupe kama ile ngozi ya ndani ya ganda la yai, kilichoung'ang'ania mfupa pande zote. Ukijigonga ugoko kwenye ukingo wa kitanda ukaona nyota mchana, ni huo utando unaolia. Nayajua haya kwa sababu mguu wangu wa kushoto una mahali ambapo utando huo haupo. Hapo hata ukinigonga kwa mwiko sisikii kitu.

Utando wangu uliondolewa na baba yangu mzazi, kwa kisu cha bucha. Nalisema mapema kwa sababu nyumbani kwetu jambo hili lilisemwa vingine kwa miaka mingi, na waliolisema vingine ni watu wazima ambao kila Jumapili walikuwa kanisani, kiti cha mbele.

Baba hakuzaliwa mchinjaji. Alikuwa mpima mizani kwenye ghala la shirika la umma, lile lililokuwa likinunua mahindi ya wakulima wa uwanda wote. Msimu wa mavuno watu walitoka Kate na mbali zaidi na magunia yao, wakamsubiri baba kwa adabu, kofia mkononi, kwa sababu neno lake kwenye mizani lilikuwa la mwisho. Alivaa koti la kaki lenye mifuko minne. Hata nyumbani alikuwa akisema kwa kifupi, kama mtu aliyezoea kusikilizwa.

Kisha biashara ikafunguliwa. Wenye malori wakaruhusiwa kumfuata mkulima shambani kwake na kununua watakavyo. Mjini Sumbawanga kukaingia redio, sabuni za kila rangi, marundo ya mitumba, na kila mtu akawa mfanyabiashara, hata yule asiyekuwa na cha kuuza. Ghala likabaki na panya. Baba akapunguzwa. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kupunguzwa, kama chumvi iliyozidi kwenye mboga. Alirudi nyumbani Chanji na koti lake, akaketi barazani, na kwa wiki kadhaa hakuna aliyethubutu kumuuliza atafanya nini.

Alichofanya ni kufungua bucha. Wasukuma walikuwa wameshateremsha mifugo yao bondeni, ng'ombe walipatikana, na mizani aliijua. Akakodi chumba cha mbele karibu na njia panda, akapiga rangi nyekundu mlangoni, akatundika ndoano. Wateja walipatikana. Ila baba hakuwa tena yule mtu wa ghala. Kitu ndani yake kilikuwa kimekaza, na kilijionyesha zaidi kwenye mifupa.

Zamani mtu akinunua nyama alitupiwa mfupa wa nyongeza bila kuomba. Baba aliifuta desturi hiyo. Mifupa ikawa na bei yake, na kabla ya kuuzwa ilikwanguliwa. Alikuwa na kisu kifupi kilicholika kwa kunolewa, na jioni aliketi na goko la ng'ombe, ule mfupa mrefu wa mguu, mapajani akilikwangua toka juu hadi chini, kwaru, kwaru, mpaka ule utando mweupe ukatoka vipande vipande. Makombo hayo aliyachanganya kwenye nyama ya kupimwa. Mfupa ukabaki mtupu, mkavu, ukakaa mezani siku hata tatu bila kuharibika. Hatukuwa na friji, na hapo ndipo baba alipopata elimu aliyokuwa akijivunia kuliko kitu chochote cha maisha yake ya ghalani. Aliniambia mimi, mwanawe wa kwanza, nikiwa nimesimama mbele ya meza yake:

"Mfupa ukiachiwa ngozi yake unanuka kabla jua halijazama. Ukiukwangua, unadumu. Uozo unaanzia kwenye ngozi."

Kwa mfupa wa ng'ombe aliyekufa, maneno hayo ni kweli tupu. Sijapata kuona kweli iliyonigharimu zaidi ya hiyo.

Nilikuwa darasa la tano. Tulikuwa tukipalilia maharage ya shule, tumejipanga mstari, na jembe la mwenzangu liliteleza kwenye jiwe likanipiga ugokoni. Halikukata sana. Nilichechemea mpaka nyumbani, mama akanikanda kwa maji ya moto na chumvi, nikalala. Baada ya siku chache mguu ukavimba, ukawaka, homa ikapanda. Hata shuka likinigusa nilipiga ukelele. Sasa najua kilichokuwa kikitokea: usaha ulikuwa umejikusanya kati ya mfupa na utando wake, unausukuma utando utoke, na utando hautaki. Sijui maumivu mengine ya kulinganisha na hayo, na nimezaa watoto wawili.

Mama alisema nipelekwe hospitali. Baba alikwenda kwanza peke yake kuulizia, akarudi uso umemkunjamana. Zamani tulikuwa tukitibiwa bure, na yeye alipofika dirishani aliambiwa anunue kadi, anunue glovu, anunue wembe na uzi wa kushonea. Hakulalamika kwamba hana pesa. Alikuwa nazo, wiki ile alikuwa amechinja mara mbili. Kilichomuuma ni kuambiwa asubiri kwenye benchi na kijana aliyekuwa akinywa chai, kijana ambaye baba yake mzazi alikuwa akileta magunia ghalani kofia mkononi. Hayo ndiyo aliyomsimulia mama, na aliyarudia mara nyingi. Serikali imenitupa, alisema, sasa inataka ninunue uzi wa kumshonea mtoto wangu mwenyewe.

Akapitia dukani akaniletea dawa, vile vidonge vya rangi mbili vilivyokuwa vikiuzwa kila mahali, kimojakimoja, kama pipi. Vingine nilimeza. Mguu ulipopasuka wenyewe na usaha ukatoka, vingine alivifungua akaninyunyizia ule unga kwenye kidonda. Homa ilishuka. Maumivu yakapungua sana, na tungeishia hapo huenda leo ningekuwa nasimulia habari nyingine. Lakini kidonda hakikufunga. Kilibaki shimo, na ukichungulia ndani yake uliona kitu cheupe, na kilikuwa kikinuka.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa ya kwanza. Baba aliniweka kwenye mkeka uani, penye mwanga, akachungulia kidonda muda mrefu. Kisha akamwambia mama abandike sufuria ya maji. Kisu alikichemsha vizuri, sina la kusema juu ya usafi wake. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mtulivu, na nakumbuka nilifurahi kumwona vile, kwa sababu tangu apunguzwe kazi nilikuwa sijamwona akiwa na uhakika wa jambo. Alimweleza mama, kwa sauti ile ya ghalani, kwamba ngozi ya mfupa ndiyo iliyooza, na isipoondolewa mfupa wote utaoza nayo.

Mama alisema, "Baba watoto, huyu ni mtu."

Baba akakitoa kisu kwenye maji. Mama akanishika mabega.

Sitaelezea yote. Alilipanua lile shimo kwa ncha ya kisu, kisha akaanza kukwangua, na sauti ilikuwa ileile ya jioni za bucha. Alikuwa akitokwa jasho na kuniambia, "Vumilia mwanangu, nakusafisha." Aliniita mwanangu kila alipokwangua. Jirani alifungulia redio kwa sauti ya juu, nadhani kwa wema. Baba alikwenda juu na chini ya kidonda, akifuata ule utando kila ulikojificha, kwa sababu kama kuna kazi aliyoijua ni hiyo, na hakuacha mpaka mfupa ukang'aa kama ile iliyokuwa mezani kwake.

Na harufu iliisha. Hilo nalo niliseme, nisije nikaonekana nampakazia. Kwa wiki moja na ushei mguu wangu haukunuka kabisa. Baba aliwaita majirani waje waone. Wateja walisimuliwa. Mzee mmoja alisema wasomi wamejaa mjini lakini huyu bwana ndiye daktari, na baba akacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu siku za ghala. Nililala pale nimenyoosha mguu nikiwa na fahari ya kuwa kitu kilichomrudishia baba yangu kicheko.

Kisha mfupa ukaanza kubadilika rangi. Ulikuwa mweupe, ukawa wa manjano, ukaja kuwa na rangi ya jino bovu. Nyama hazikutaka kuufunika. Usaha ukarudi ukitokea chini zaidi. Baba alipoona akasema hakukwangua vya kutosha, akatafuta kisu chake, na hapo ndipo mama aliponibeba. Nilikuwa mkubwa, miguu yangu ilikuwa ikimgonga mapajani, na alinitoa Chanji mgongoni kwake mpaka hospitali kubwa bila kumuaga mtu. Aliuza vitenge vyake viwili njiani. Hajawahi kuniambia hilo, nililisikia kwa aliyevinunua.

Daktari alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ndogo. Alitazama mguu, akauliza ni nani aliyekwangua mfupa huu. Mama akasema ni baba yake. Baba alipofika mchana akiwa na koti lake la kaki, daktari alimwita, akamwonyesha, na alizungumza naye mbele yangu kwa sababu nilikuwa nimelala palepale.

"Mfupa ukifa ndani, ule utando wake hujenga mfupa mwingine kuuzunguka," alisema. "Sisi huwa tunasubiri ujenge, ndipo tunatoa uliokufa. Huyu hana utando hapa. Nikitoa mfupa huu, hakuna cha kujenga mwingine."

Baba alikunja uso, akasema amefungua mifupa mingi kuliko daktari. Daktari hakubishana naye. Akasema tu, "Ya ng'ombe, mzee."

Walikitoa kile kipande cha mfupa uliokufa, kwa sababu kikikaa kingenimaliza. Mama alikiona kwenye bakuli. Nilikaa wodini nikiwa na plasta tangu ulezi unapandwa mpaka unavunwa. Pengo halikujaa. Mguu ukajikunja kidogo pale ulipokosa nguzo, ukabaki mfupi, na fundi viatu wa sokoni alinitengenezea kiatu cha soli nene ya tairi. Nilikuwa mtoto wa kukimbia. Shuleni nilikuwa nikichaguliwa kila mwaka kwenye mbio za kupokezana, na ilikuwa imeshasemwa kwamba mwaka unaofuata ningekwenda kushindana nje ya wilaya. Siku wenzangu waliyopanda lori nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya bucha na fimbo yangu, na baba alikuwa ndani anakwangua.

Mteja alipouliza mtoto amepatwa na nini, baba alijibu, "Hospitali. Wamemtoa mfupa mzima."

Nililisikia jibu hilo mara nyingi mno. Mwanzoni nilidhani amesahau. Baadaye nikaamua kwamba anaamini. Nilijiambia baba ni mtu aliyeishia darasa la saba, ameona mifupa ikidumu kwa kukwanguliwa, ameona harufu ya mguu wangu ikiisha kwa mikono yake, na hajaona zaidi ya hapo. Mtu wa namna hiyo huwezi kumchukia. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ilinisaidia kuishi naye nyumba moja, kumpa shikamoo asubuhi na kumtengea maji ya kuoga. Nilimsamehe ujinga wake. Nilikuwa nimeanza hata kuuzoea mguu.

Miaka ikapita, mdogo wangu wa kike akafika umri wa kuanza shule. Msimu wa mavuno mama alikuwa kwao Kate, tumebaki na baba. Mdogo wangu alidandia mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa umebeba mahindi, akateleza, akajigonga ugoko kwenye ubao. Kesho yake mguu ulikuwa umevimba. Nilipoushika ulikuwa wa moto, na alipiga ukelele ambao niliutambua. Nilikwenda bucha mbio, kwa mbio zangu hizo. Njiani nilikuwa nimeshakata kauli kwamba akitaja kisu nitamnyang'anya, nitampiga kwa fimbo kama itabidi, baba au si baba.

Nilimwambia. Alikuwa na goko mkononi. Alilitua. Hakuuliza lolote, hakunawa, aliwaacha wateja wamesimama na nyama zinaning'inia, akatoka akikimbia na aproni yake yenye damu. Nilipofika nyumbani nikihema alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni kwa khanga ya mama, kama mwanamke, naye amekwisha shika njia ya hospitali. Nilimfuata. Watu walikuwa wakigeuka kututazama.

Hospitali alinunua kila alichoambiwa anunue. Alikaa kwenye benchi alipoambiwa akae. Tulipoingia ndani tukamkuta daktari mwingine, dada mmoja kijana, akauminya mguu taratibu, kisha akauliza kama kuna mtu aliyemchanja au kumkwangua mtoto huyu nyumbani, maana wanaletewa wengi wa namna hiyo. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nimeegemea fimbo.

Baba alisema, "Huyu sijamgusa, daktari. Nilimkwangua yule."

Akanionyesha kwa kidevu, bila kunitazama. Dada yule alitazama kiatu changu, soli yake ya tairi, kisha akainamia tena mguu wa mdogo wangu. Alimtoa usaha siku ileile, ule utando akauacha ukae mahali pake, na hakuna kipande cha mfupa kilichokufa.

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye nyasi nje, mahali wanapoanika mashuka. Kumbe alijua. Siku zote zile, kwa kila mteja aliyeuliza, alijua. Alimsikia daktari wa kwanza na kumwamini hapohapo, akiwa amekunja uso, na akarudi nyumbani akachagua kusema alichosema. Ujinga nilikuwa nimeusamehe. Sasa hakukuwa na ujinga. Kulikuwa na mtu mwenye akili timamu aliyekaa na mtoto kilema miaka yote hiyo, akampima, akaona jina lake mwenyewe ni zito kuliko mguu wa mtoto. Na ukweli alipoutoa, alimpa mgeni.

Mdogo wangu alipona. Anakimbia mpaka leo, ana mabinti wanaokimbia. Nampenda, na zimekuwako siku ambazo nilishindwa kuitazama miguu yake.

Wiki aliyotoka hospitali nilitega sikio barazani, nikidhani sasa baba atasema. Jirani alikuja kumpa pole. Baba alimshukuru, akasema hospitali ya siku hizi ina madaktari kweli, si kama wale walioniharibia huyu mkubwa. Nilikuwa nimeshika birika, nawamiminia chai.

Nikasema, "Baba, mwambie kama ulivyomwambia daktari."

Jirani aliitazama chai yake. Baba alinyanyuka akaingia ndani. Usiku ule hakula, na mama aliporudi kutoka Kate alinikalisha chini akanisihi nisimvunjie baba heshima mbele za watu. Nilimuuliza yeye aliyenishika mabega anasemaje. Alilia, nami nikaacha.

Baada ya hapo baba hakukwangua tena mfupa. Hakutangaza, aliacha tu. Wateja wakaanza kupata magoko yenye utando wake na vinyama vyake, supu zikanoga, wakamsifu kwamba mzee amekuwa mkarimu uzeeni. Kisu kile kifupi sikukiona tena mezani. Na kila Jumamosi nilipopita mbele ya bucha alikuwa akinisimamisha, ananifungia goko zima kwenye gazeti, lile bora la ng'ombe wa siku hiyo, akisema niende nikachemshe, ni langu, nisigawane na mtu.

Alitaka nielewe, na nilielewa. Mifupa ya ng'ombe aliiomba radhi yote, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa nikitaka maneno, maneno machache tu, yaleyale aliyompa yule dada, na alikufa bila kuyasema.

Kila Jumamosi nilipokea kwa mikono miwili, nikasema asante baba. Nilipokata kona ya kwanza nilimrushia mbwa wa fundi baiskeli goko lile, nikasimama pale na fimbo yangu mpaka akautafuna utando wote.